Nyumba ya Mawe na Zidaka Zake

Katika mji wa Lamu zimesalia nyumba za mawe ambazo nyingi zao zilijengwa katika karne ya 18, na baadhi yake hukaliwa hadi leo. Umri huo haukuja kwa bahati, bali ulipangwa tangu ndani.

Kipimo cha kwanza kilikuwa mkoko. Dari ya nyumba hizo hubebwa na boriti, na boriti aghalabu haivuki zaidi ya mita 3 bila ya kupinda. Fundi, basi, hakuweza kukitanua chumba apendavyo. Alichokikosa kwa upana alikitafuta kwa urefu na kwa mpangilio. Mgeni alipokewa dakani, akapita tekani, akatokea kiwandani penye mwangaza. Mbele yake zilifuatana msana wa tini, msana wa yuu na ndani, kila mahali pakiwa na faragha zaidi kuliko palipotangulia. Mpango wa nyumba ulikuwa pia mpango wa heshima, kwani si kila aingiaye alizipiga hatua zote.

Huko ndani ndiko zilikokuwa zidaka, safu juu ya safu, zimenakishiwa kwa chokaa, za kuwekea sahani za kaure kutoka China na vitu vingine vya thamani. Kwa kuwa zilikuwa sehemu ya ukuta, hazikuhitaji mbao za kuliwa na mchwa, wala hazikupunguza nafasi ndogo iliyokuwapo.

Chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la magogo, kisha yakazimwa kwa maji. Huuacha ukuta upumue, jambo kubwa katika mji wa pwani. Saruji haifanyi hivyo. Inapopakwa juu ya ukuta wa matumbawe, unyevu hufungika ndani, chumvi hujitokeza, lipu hubanduka, na ncha ya boriti iliyopachikwa ukutani huanza kuoza.

Nyumba hizo aghalabu zilikwenda upande wa binti. Baba aliongeza ghorofa, au akajenga wikio juu ya njia, ili binti akiolewa asitoke kwao. Kuta zenye unene unaokaribia nusu mita zilikuwa tayari kubeba ghorofa ya binti ambaye bado hajazaliwa.

Ndiyo maana Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kuonyesha katika Al-Inkishafi jinsi Pate ilivyoanguka, hakuishia kuwataja waliokufa. Aliingia majumbani mwao, akaonyesha ndege wamefanya maskani pale palipopangwa vyombo. Msomaji wa pwani alijua kidaka kitupu kina maana gani.

Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Orodha, hata hivyo, haipaki chokaa. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafariki.

Nyumba ya mawe haikudumu kwa jiwe pekee. Ilidumu kwa sababu kila kizazi kilikagua dari, kikabadilisha boriti iliyooza na kupaka chokaa upya. Fundi asipomrithisha mwanafunzi kazi hiyo, binti atarithi kuta tu.