Anza na Mlango, Historia Itafuata

Mgeni akija kwenye meza yetu ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia na kurusha dadu, zamani nilikuwa namsomea historia yote ya nchi ya Greyhawk: wafalme, vita, mipaka. Halafu namuuliza, "Mhusika wako anatoka wapi? Alikimbia nini?" Kijana mmoja akanyamaza, akaondoka zake. Maswali hayo alishayajibu mno siku za kuandikishwa.

Nikarudi kwenye historia ya mchezo wenyewe. Mwaka 1972, mjini Lake Geneva, Marekani, Dave Arneson alimwonyesha Gary Gygax mchezo wake wa Blackmoor. Gygax naye akachora ngome yenye vyumba vya giza chini yake, na wa kwanza kuingia walikuwa watoto wake wawili. Mchezo ulichapishwa 1974. Maelezo ya nchi nzima ya Greyhawk yalitoka 1980. Yaani watu waliingia kwanza, nchi ikajengwa baadaye.

Basi siku hizi nasema tu, "Uko mlangoni. Ndani giza, unasikia maji. Unafanya nini?"

Yule kijana alirudi. Akajibu, "Nawasha taa."

Alikotoka, hatujamuuliza.