Uvujaji wa Oili na Gereji za Njia Panda ya Makambako

Mji wa Makambako ulikuzwa na njia panda. Hapo barabara ya Songea, ipitayo Njombe, inakutana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Zambia. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia, ambayo njia yake ya bahari ilipita huko, ilihitaji mlango mwingine wa bahari, na malori ya mafuta na shaba yakaanza kupishana kwenye vumbi na tope. Lami ilifika mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikifuatwa na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Gari lililokwisha kupanda mlima wa Kitonga na shehena yake lilifika nyanda hizi injini ikiwa imechoka, na ufundi wa gereji ukapata kazi.

Kipindi kigumu kilikuja baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Fedha za kigeni ziliadimika, na vipuri pamoja nazo. Gasketi ikakatwa kwa mkono: karatasi ngumu ilitandazwa juu ya sampo, yaani bakuli la oili la chini ya injini, kingo zikagongwa taratibu kwa nyundo hadi alama ya matundu itokee. Kazi hiyo ilidai jicho na subira, na inastahili heshima kuliko inayopewa. Lakini karatasi yenye unene usio sawa huacha upenyo, na injini iliyotoka kufunguliwa ilirudi ikidondosha oili. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na vipuri vikaanza kurudi madukani. Silikoni ya tyubu, ipakwayo badala ya gasketi, nayo ina dhambi yake: ikipakwa kwa wingi, vipande hukatika ndani ya sampo na kuziba chujio la pampu ya oili.

Katika uvujaji unaofuata matengenezo, swali la kwanza ni kipi kilichoguswa mwisho. Filta mpya ikifungwa huku mpira wa filta ya zamani umebaki umenata kwenye injini, mipira miwili hukaa pamoja, na oili hutoka kwa nguvu. Bolti za sampo zikikazwa kupita kiasi hulipinda bati lake. Injini huoshwa, hukaushwa, kisha huwashwa na kutazamwa kuanzia juu, kwa kuwa oili huteremka na upepo wa safari huisukuma nyuma. Tone la chini halionyeshi chanzo.

Baridi ya Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huongeza jambo. Asubuhi za Juni na Julai oili huwa nzito na presha yake hupanda injini inapowaka, hivyo mpira dhaifu wa filta hujifichua mapema. Sili iliyochakaa huweza kungoja mpaka oili ipate moto na kuwa nyepesi. Kwa hiyo ukaguzi hufanywa injini ikiwa baridi, na tena ikiwa moto.

Oili ikidondoka kati ya injini na gia boksi, lawama huangukia haraka sili ya nyuma ya krankshafti, ambayo kuifikia ni lazima gia boksi ishushwe. Kabla ya gharama hiyo hukaguliwa sehemu ya nyuma ya kofia ya tapeti na swichi ya presha ya oili, kwani oili ya huko huteremkia palepale. Hukaguliwa pia bomba la kupumulia la injini: likiziba, presha ya ndani huisukuma oili nje hata kwenye sili iliyofungwa jana.