Mizani ya Washindi wa Barafuni

Msomaji, hatupimi kitambaa kwa pishi, wala mchele kwa yadi. Likumbuke jambo hili uulizwapo ni nani bora miongoni mwa watelezaji wa barafuni wa zama mbalimbali.

Zamani mtelezaji alitakiwa kwanza kuchora miduara juu ya barafu kwa chuma cha kiatu chake, na waamuzi waliinama kuikagua. Katika Michezo ya Olimpiki ya Sapporo, Japani, mwaka 1972, Beatrix Schuba wa Austria aliwashinda wote kwa michoro hiyo. Katika kucheza kwa muziki alikuwa wa saba, na Janet Lynn wa Marekani wa kwanza. Hata hivyo Schuba alitwaa dhahabu, Lynn akapata shaba.

Mwaka uliofuata thamani ya michoro ilipunguzwa. Baada ya 1990 ikaondolewa kabisa. Alama 6, iliyokuwa kilele cha sifa, nayo iliachwa mwaka 2004. Mwaka 2010 Yuna Kim wa Korea ya Kusini alishinda kwa alama 228.56.

Je, tuseme Kim aliwapita wa kale kwa kuwa hesabu yake ni kubwa? La! Wala Schuba hakuiba ushindi. Alizitii kanuni alizozikuta. Nawe, kabla ya kuwahukumu waliotangulia, itafute kwanza mizani waliyopimiwa.