Majogoo Kumi na Saba

Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwezi Machi 1967, nilikuwa bado sijaingia chuo cha ualimu. Nilipoingia, tulifundishwa kwamba shule isiyo na shamba wala mifugo ni nusu shule. Basi mwaka 1978, nilipokabidhiwa shule ya msingi kijijini, nilianzisha mradi wa kuku. Wazazi walichanga mitetea 12 na majogoo 2.

Nilisahau hesabu moja. Vifaranga huanguliwa karibu nusu kwa nusu, majike na madume, hali jogoo mmoja wa kienyeji huwatosha mitetea kumi hivi. Kila kuku anapototoa, ziada ni madume.

Nyumbani kwa mama yangu ziada hiyo haikuonekana kamwe. Mgeni akibisha hodi, pora alikamatwa. Daftari likihitajika, pora alipelekwa gulioni. Tena mama hubadilishana jogoo na shangazi wa ng'ambo ya mto, ili kuku wasizaane ndugu kwa ndugu. Sisi watoto tuliita ukarimu. Kumbe ndivyo kundi lilivyotunzwa. Na ufugaji wenyewe ni wa kale pwani yetu: mifupa ya kuku, ndege wa asili ya Asia, imefukuliwa Unguja Ukuu katika tabaka za zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Shuleni kuku akawa mali ya umma, na hakuchinjwa pasipo kikao. Fomu ya taarifa ilikuwa na safu moja tu: idadi. Mwaka uliofuata nikajaza 46 kwa furaha. Kati yao majogoo walikuwa 17.

Msomaji aliyefuga atajua yaliyofuata. Majogoo walipigana alfajiri hadi jioni. Mitetea walinyonyoka migongo, wengine wakahamia vichakani kutaga huko, nasi tukaambulia mayai machache. (Wanafunzi wangu hawakuamini kwamba mtetea hutaga hata pasipo jogoo; jogoo anahitajika kwa vifaranga tu.)

Mpishi wa uji wa shule, mama mtu mzima ambaye watoto walimwita Bibi, alinifuata ofisini.

"Mwalimu, punguza hawa. Watakumalizia mitetea."

Nikamjibu kwamba mali ya shule ina utaratibu wake. Jumamosi moja wazazi walikuja kuchimba choo, naye akawachinjia majogoo wawili. Jumatatu nikamwandikia barua ya onyo, nakala kwenye jalada.

Kabla ya muhula kwisha mitetea watano walikufa kwa majeraha. Katika taarifa niliandika mdondo. Mdondo hauchagui, huzoa jike na dume. Hapa hakufa hata jogoo mmoja. Wilayani hakuna aliyeuliza. Bibi alijua, kwa kuwa ndiye aliyewaokota, lakini hakusema neno. Muhula uliofuata hakurudi kazini.

Baadaye niliitisha kikao, tukauza majogoo 12, na mayai yakaongezeka. Kumbukumbu za kikao zinasema wazo lilikuwa la Mwalimu Mkuu.

Nilipostaafu mwaka 2008 nilipekua majalada kabla ya kukabidhi ofisi. Barua ile ilikuwepo, karatasi imegeuka rangi ya manjano, sahihi yangu ikisomeka vizuri. Bibi alikwisha kufariki. Niliirudisha mahali pake, nikakabidhi funguo.