Saa 72 mbili, na wamama wa Majengo

Kila dem aliyewahi kuishi hosteli za Uthiru anajua hesabu moja, hata kama hesabu za KCSE zilimlemea. Saa 72. Hizo ndizo saa uko nazo za kumeza P2. Kemisti wa karibu na stage hata hangoji umalize kuongea, anakufungia kwa kakaratasi kama maandazi, unatoka ukiangalia chini.

Sasa nikuulize. Zile saa 72 za pili, unazijua?

Mimi sikuzijua. Mwaka wa pili tulikuwa wanne kwa chumba cha watu wawili, ghorofa ya tatu, dirisha linaangalia Naivasha Road. Mmoja wetu, tumuite Shiku, alirudi Jumapili asubuhi akiwa kimya. Kondomu ilipasuka. Ama haikupasuka, jamaa aliitoa katikati. Hiyo stori ilibadilika mara mbili na hatukumsukuma. Tulichanga pesa, tukashuka kwa kemisti, akameza, tukarudi tukapika chapo na kucheka. Kesi imefungwa.

Ijumaa binamu yake, ambaye ni nesi, akampigia simu ya mambo mengine kabisa. Shiku akamwambia yaliyotokea kama utani. Binamu akanyamaza, kisha akauliza, "Na PEP ulienda kuchukua?"

Tukaangaliana. PEP ni nini? Ni dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi visishike mwilini baada ya kitu kama hicho kutokea. Unameza kila siku kwa siku 28, hospitali za serikali zinapeana bure, na lazima uanze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo afadhali. Saa 72 zilezile. Zilikuwa zimeshapita.

Shiku alipima, akarudia, akarudia tena. Yuko sawa. Lakini kwa hiyo miezi mitatu niliona mtu akikata siku moja moja kwa kalenda ya ukutani, na si mtihani alikuwa anangojea. Zahanati ya kwanza aliyoenda, mhudumu alimuuliza mbele ya foleni nzima kama mamake anajua yuko hapo. Hakurudi huko.

Kitu kiliniuma ni hiki: sisi wote wanne tulikuwa tumefanya somo la Ukimwi mwaka wa kwanza. Ni lazima. Ile Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 inataka elimu hii ifike mpaka vyuoni, kwa hivyo chuo kinakupatia ukumbi wa watu mia nne, maikrofoni inayokoroma na slaidi za seli za CD4. Nilipata B. Nilijua vile kirusi kinaingia kwa seli, na sikujua mahali pa kwenda Jumapili.

Baadaye niliacha chuo (karo, stori ya siku ingine) nikaanza kusoma vitu ambavyo hakuna mtu atanitahini. Hapo ndipo nilipatana na wamama wa Majengo.

Kama wewe ni wa upande huu wa Waiyaki Way na huvuki mji, Majengo ni ile sehemu ya Pumwani, karibu na Gikomba. Pumwani ilianzishwa na wakoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mtaa wa Waafrika, na tangu zamani kulikuwa na wanawake waliojitafutia huko wakiuza ngono, wengine wakajenga nyumba na kulea ukoo mzima kwa hiyo pesa. Usikunje uso bado.

Kisa cha kwanza cha Ukimwi nchini Kenya kilitambuliwa 1984. Wakati huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, walikuwa tayari wanachunguza magonjwa ya zinaa mjini. Wakapima damu ya wanawake hawa. Majibu yalichapishwa 1986: kati ya wale wa kipato cha chini, karibu wawili kwa kila watatu walikuwa na virusi. Wawili kwa watatu, manze. Na dawa za kurefusha maisha hazikuwepo.

Ungetarajia nini baada ya hapo? Msako wa polisi, mtaa kufungwa, magazeti kuwaita wauaji. Lakini kulikuwa na muuguzi mmoja anaitwa Elizabeth Ngugi, ambaye baadaye alikuwa profesa wa afya ya jamii Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1985 aliwaita hao wanawake kwa baraza. Waliambiwa ukweli ulivyo: kuna ugonjwa, umewafikia nyinyi wengi, unaenea hivi, na hiki hapa ndicho kinauzuia. Wakachagua wenzao wa kuwaongoza na kupeleka mafunzo mlango kwa mlango. Kondomu zikawa zinapatikana palepale kwao.

Kabla ya hayo mafunzo, karibu mwanamke mmoja tu kwa kila kumi alikuwa amewahi kutumia kondomu na wateja, tena mara mojamoja. Kwa lile kundi lililopata mafunzo zaidi, ilifika wanane kwa kumi waliosema wanatumia, angalau mara kwa mara. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1988, na waliotumia kondomu walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kuambukizwa, karibu mara tatu pungufu. Wanawake ambao wengi wao hawakuwa wamesoma sana, kwa vyumba vya udongo, waliipatia dunia moja ya ushahidi wa kwanza kwamba kufunzana kunaokoa watu Afrika. Leo wanasayansi wakitaja Majengo wanaongea zaidi kuhusu wale wachache ambao miili yao haikushika virusi miaka nenda rudi. Sawa, hiyo ni ajabu ya damu. Mimi ajabu yangu ni baraza.

Kwa sababu fikiria shida yao. Mteja anataka bila kondomu na anaongeza pesa. Ukikataa peke yako, anaenda mlango unaofuata na wewe unalala njaa. Kujua ukweli ukiwa peke yako hakukusaidii kitu. Inabidi mlango unaofuata pia ujue na ukatae.

Sasa najua kuna dem anasoma hapa amekasirika: unatulinganisha na hao? Ndio, nawalinganisha. Wewe wa bedsitter inayolipwa na mubaba, unaweza kumwambia avae akikataa? Na wewe uko na boyfriend wako wa miaka miwili, ukitoa kondomu si atakuuliza kama humwamini? Nimeona madem wa digrii wakishindwa kusema sentensi ambayo mama wa Majengo alikuwa anasema kila jioni mwaka 1986. Tofauti ni kwamba yeye alijua jirani yake pia anaisema.

Na hata sio kitu kilikuja na ndege. Hapa tu Kabete, kabla ya wamishonari, vijana wa Kikuyu walikuwa na ngwĩko: wa rika moja walilala pamoja, wakashikana, lakini msichana alibaki amefunga vazi lake katikati ya miguu, na mvulana aliyevuka mpaka aliadhibiwa na wenzake. Jomo Kenyatta aliieleza wazi katika Facing Mount Kenya mwaka 1938. Siombi turudi huko, kwa sababu mlango wa kuingilia hayo mafunzo ulikuwa kukeketwa, na hiyo hapana. Nasema tu kwamba kuongea na wa rika lako kuhusu mwili ni kitu cha kwetu. Kimya ndicho tuliletewa. Nilimuuliza cucu kama aliwahi kusikia hilo neno ngwĩko. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akaniambia nilete viazi.

Wakati Majengo wanafunzana, nchi ilikuwa inafanya nini? Agosti 1996, Kadinali Maurice Otunga aliongoza waumini kuchoma maboksi ya kondomu pale Uhuru Park, pamoja na vijitabu vya kufunza watu kuhusu Ukimwi. Watu hukumbuka kondomu. Mimi nashikwa na hivyo vijitabu. Novemba 1999 ndipo Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa, miaka kumi na tano baada ya kile kisa cha kwanza. Julai 2001 serikali ikapanga kuleta kondomu milioni 300, na Moi mwenyewe akakiri hadharani kwamba anaona aibu kutumia pesa kwa vitu hivyo, akaomba Wakenya wajizuie kufanya ngono kwa miaka miwili. Miaka miwili! Na mwaka 2013 lile tangazo la runinga la kuambia mama mwenye mpango wa kando aweke kondomu mpangoni liliondolewa baada ya viongozi wa dini kulalamika. Tangazo likaenda, mipango ya kando ikabaki.

Vyuoni walijaribu. I Choose Life ilianzia Chuo Kikuu cha Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanafunzi wakifunza wanafunzi wenzao, hosteli kwa hosteli. Auntie yangu alikuwa mmoja wao, na mpaka leo anaweza kukuonyesha na ndizi bila kuona haya, hata kwa meza ya Krismasi. Hayo ndiyo Majengo yaliyovuka mji. Lakini miradi kama hii inaishi kwa pesa za wafadhili. Mimi nilipofika chuoni kwangu nilikuta bango limefifia na sanduku la kondomu lisilo na kitu. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, na DREAMS, mpango uliotangazwa 2014 kwa ajili ya wasichana na wanawake vijana, ukakwama. Madem niliowajua Kangemi waliokuwa wakienda kwa vikao vyake wakaambiwa wasubiri simu.

Na bado tunaogopa ball kuliko ukedi. Siwalaumu. Ball inaonekana, inakurudisha ushago, inakufanya stori ya kijiji. Lakini P2 haizuii virusi, haizuii kisonono, haizuii kaswende. Inazuia ball peke yake. Na kuna PrEP, vidonge vya kumeza kabla, ambavyo serikali ilivizindua Mei 2017. Niliuliza madem sita kwa plot yetu, wawili ndio walijua, na mmoja alifikiri ni ya wagonjwa.

Kwa hivyo nilifanya kitu kidogo. Sikai tena kwa ile hosteli lakini marafiki wako huko. Nilichukua karatasi, nikaandika kwa maka nyekundu: saa 72 ya kwanza, P2, kemisti. Saa 72 ya pili, PEP, hospitali ya serikali, bure. Zote mbili, sio moja. Tukaibandika ndani ya mlango wa bafu, mahali kila mtu anasoma akitaka asitake. Keateka aliing'oa siku ya pili, akisema wazazi wakikuja wataona. Tukabandika ingine juu zaidi.

Wiki iliyopita nilipita nikaenda kuiangalia. Kuna mtu ameandika chini kwa biro, herufi ndogo sana: "hata Jumapili wanapeana?"

Nikaazima kalamu nikamjibu hapo chini: "Enda casualty, hawafungi. Kama unaogopa kuenda peke yako, gonga room 14."