Skechibuku ni Nini, na Mbona Usikimbilie Kuuza Kila Ukurasa

Kama uko Kitale ama Bungoma na unajua kushika penseli, kuna uwezekano mkubwa kazi yako ya kwanza ya kulipwa ilikuwa potreti. Msee anakutumia picha kwa WhatsApp, unaichora miraba juu, unachora miraba hiyo hiyo kwa karatasi, halafu unakopi boksi moja baada ya lingine mpaka uso utoke. Klayenti anafurahi, doh inaingia M-Pesa. Shida ni moja: unaeza fanya hivyo miaka mitatu, na siku ukiambiwa uchore mama anavuka barabara na kuku kwapani, mkono unaganda. Hapo ndo skechibuku inaingia.

Skechibuku ni daftari la karatasi tupu, zisizo na mistari, lenye msanii anatembea nalo kila mahali. Ndani yake kuna mazoezi, kuna mipango ya kazi zinazokuja, na saa zingine kuna kazi yenyewe imekamilika. Ukurasa hauji na lebo. Unaeza anza kama mazoezi na uishie kwa fremu.

Kazi ya kwanza: kuharibu

Hii ndo sehemu watu huruka. Ukurasa wa mazoezi unafaa kuwa mbaya. Unajipa sekunde 30, ama dakika 2 ukijihurumia, unashika mwendo wa mtu kabla hajasonga: mgongo umepinda wapi, uzito uko mguu gani. Sura achana nayo. Stage ya Kanduyi ni darasa la bure, ju makanga hawatulii na wasee wa boda hukaa kwa piki piki kwa kila pozi unayoeza fikiria. Na usitumie rababu. Chora na biro, ukikosea acha kosa likae hapo, chora mstari wa pili kando yake. Ukirudi baada ya miezi 6 utaona venye mistari ya kukosea imepungua.

Kwa wasee wa Kitale, mko na makumbusho hapo mjini na wengi wenu mliingia mara moja tu, na yunifomu ya shule. Ilifunguliwa mwaka wa 1974, na mizizi yake ni mkusanyiko wa Stoneham, mzungu mmoja aliyekuwa na wazimu wa kukusanya vipepeo, ndege na vitabu. Kwa mchoraji, ndege aliyekaushwa ni baraka. Hapepesi hata jicho, unamchora pande zote mpaka uelewe bawa limeshikana aje na mwili. Ukitoka nje kuna nyoka na kobe. Kobe ndo modeli bora kushinda wote, anasonga lakini anakungoja.

Alafu kuna Agosti ya miaka shufwa, msimu wa tohara ya Wabukusu. Kijana anacheza na chinyimba mkononi, umati unamfuata, vumbi juu. Ukiweza kushika huo mwendo kwa mistari 10, hakuna kitu kitakusumbua tena. Lakini uliza wazee kwanza. Kuna sehemu za hiyo siku si za kuchorwa, na ukikatazwa funga daftari bila maneno mob.

Kazi ya pili: kupanga

Hapa sina mengi. Kabla ya kugusa ukuta, ubao ama bodi ya matatu, chora kwanza vimichoro vidogo saizi ya kiberiti, kama 6 hivi, kila kimoja na mpangilio tofauti. Chagua kimoja. Rangi ya mafuta ni ghali, wino wa biro ni bure karibu.

Ukurasa ukigeuka kazi

Mfano mkubwa duniani ni Leonardo da Vinci. Daftari lake moja la kurasa 72, lililojaa maandishi na michoro midogo kuhusu maji, lilinunuliwa na Bill Gates mwaka wa 1994 kwa zaidi ya dola milioni 30. Huyo mzee hakuwa anachorea mnada, alikuwa anajaribu kuelewa mto. Hapa nyumbani, Peterson Kamwathi amejenga jina kubwa akichora watu kwa makaa kwenye karatasi, na hizo ni kazi kamili, si maandalizi ya kitu kingine. Kwa hivyo msee akikuambia mchoro wa karatasi si sanaa mpaka uende kwa kanvasi, mwache aendelee na safari yake.

Sasa wacha niwaambie kosa langu. Baada ya kudropu koleji nilikuwa na skechibuku moja, na ndani kulikuwa na skechi ya kukhu amekaa kwa kigoda anachambua sukuma. Dakika 5 hivi, biro, hata kidole kimoja kilikosa. Rent ikakwama, jamaa akaipenda, nikachomoa ukurasa nikauza soo tano. Kukhu alituacha kabla mwaka uishe. Sikuwa nimepiga hata picha ya simu. Jamaa alishahama, na potreti niliyomchora kukhu baadaye kutoka picha ya kitambulisho inafanana naye kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe.

Kwa hivyo, piga picha ya kila ukurasa kwa mwanga wa dirisha asubuhi, kabla haujatoka mkononi mwako. Bora zaidi, uza nakala uliyochora upya kwa karatasi nzuri, ukurasa wenyewe ubaki ndani. Ukienda kutafuta nafasi kwa galari ama studio, daftari zima lenye makosa yake linaonyesha unavyofikiria kuliko potreti 5 safi.

Vifaa

Usingoje daftari la bei. Karatasi za fotokopi, zile za gramu 80, zikunje katikati, zishone na uzi, gamba lake liwe katoni. Rosemary Karuga, kati ya wanawake wa kwanza Wakenya kusomea sanaa Makerere, alitengeneza kolaji zinazoheshimika kutoka kwa makaratasi ya unga na sabuni. Rangi ya maji ndo itakusumbua, inataka karatasi nzito ya gramu 300, ama ukurasa unakunjamana kama chapo. Penseli huchafuana, kwa hivyo weka karatasi laini kati ya kurasa. Sprei ya nywele hushikilia penseli lakini baadaye inafanya karatasi iwe manjano, na wino wa biro unapauka ukiwekwa juani, so ile ya kuning'iniza ukutani chora na penseli ama wino mzuri.

Na nyuma ya kila ukurasa andika tarehe na mahali. Jina la mwenye umemchora pia, kama amekubali.