Dawa Iliyotoka Kikwit



Wako wanaosema kwamba ulimwengu hauendi mbele, na kwamba Kongo hupokea tu mema yatokayo kwa wengine. Historia ya ugonjwa wa Ebola yatufundisha vingine.

Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulizuka Yambuku, penye hospitali ya misioni. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano tu kwa kazi ya siku nzima, nazo zilitumiwa kwa mgonjwa mmoja hata mwingine. Hivyo nyumba ya uponyaji ikaeneza kifo. Kati ya watu 318 waliougua, 280 walikufa, masista wakiwa miongoni mwao. Daktari Jean-Jacques Muyembe, aliyetumwa kutoka Kinshasa, aliwatoa wagonjwa damu bila glavu, akasalimika.

Ugonjwa ulipozuka Kikwit mwaka 1995, Muyembe na wenzake waliwatia wagonjwa wanane damu ya watu waliokwisha kupona. Saba wakaishi. Wataalamu wengi walisita, kwa maana wagonjwa wanane ni wachache mno kuthibitisha dawa. Lakini yeye hakuiacha njia hiyo. Miaka 11 baadaye, mtu mmoja aliyepona Kikwit alitoa damu yake. Humo watafiti wa Kongo na wa ng'ambo wakapata kingamwili iliyozaa dawa iitwayo mAb114.

Kuanzia Novemba 2018 dawa hiyo ilijaribiwa Kivu ya Kaskazini, katikati ya vita. Kwa waliotibiwa mapema, kabla virusi havijajaa mwilini, karibu tisa kati ya kumi walipona. Mwaka 2020 ikaidhinishwa Marekani.

Hata hivyo, mlipuko ule uliua zaidi ya watu 2,200. Chanjo ilikuwapo na dawa ilikuwapo, lakini risasi, uvumi na kutoaminiana viliwazuia wengi kuvifikia. Ndipo waliopona wakajitolea: kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga, waliwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa.

Basi, maendeleo si mvua inyeshayo yenyewe. Ni shamba: mmoja hulima, mwingine hupanda, na anayevuna pengine hakuwajua. Toka Yambuku hadi dawa ilipita miaka zaidi ya 40. Aliyeanza kazi hiyo, je, angalikata tamaa mwaka wa kumi, leo tungalikuwa na nini? Nasi tujiulize: ni kazi gani tunayoianza sasa, ambayo matunda yake wataonja wengine?